Tupeane uzoefu: uliachaje programu za kukraki, na ulihamia wapi?

Saiba ya Langoni

Asalamu aleikum wadau.

Mie nina saiba hapa Langoni, Lamu. Kompyuta sita, printa mbili, na benchi la nje ambalo wazee hukalia wakisubiri fomu zao. Kwa miaka mingi kila mashine humu ndani ilikuwa na Windows ya kukraki na Office ya kukraki, yaani zilizovunjwa kufuli zisidai leseni, na sikuwahi kuona haya. Nani aliona? CD ilipita mkono kwa mkono, baadaye ikawa flashi, na aliyekuwekea alikutoza mia tano ya jasho lake. Programu yenyewe tuliiita "ya bure".

Oktoba 14, 2025 Microsoft wakaacha kuitolea Windows 10 viraka vya usalama. Mashine zangu nne ni mtumba wa Mombasa, za kati ya 2013 na 2015, na Windows 11 haizitaki: inadai chipu ya usalama ya TPM 2.0 na prosesa za kuanzia takriban 2018. Fundi akaniambia ipo njia ya kuipitisha kwa nguvu. Nikamwambia, mwanangu, hiyo sasa ni kraki juu ya kraki. Usiku nikashusha Linux Mint, mfumo wa kuendeshea kompyuta badala ya Windows, faili la karibu GB 3, nikaliandika kwenye flashi kwa programu ya Rufus, nikaanza na ile mashine ya pembeni ambayo paka huilalia.

Ikawaka. (Paka bado huilalia.) Printa kuukuu niliyokuwa nikiitafutia CD yake kila nikipiga Windows upya ilitambulika yenyewe, hata sijakaa kitini. Skana ndiyo imegoma mpaka leo. Na kuna fomu ya ofisi moja, ile ya jedwali yenye makro (amri zinazojiendesha), haifunguki sawasawa kwenye LibreOffice, inayoshika nafasi ya Office, kwa hivyo mashine moja nimeiacha na Windows. Safari hii nimenunua leseni, na iliniuma.

Wateja vijana hawakugundua kitu, wao shida yao ni brauza tu. Wazee ndio walioniuliza ile W ya buluu imekwenda wapi. Nikaibadilisha jina ikoni ya Writer, ya kuandikia ya LibreOffice, ikawa BARUA, kesi ikaisha.

Basi nataka kusikia zenu. Uliacha lini, ulihamia wapi, na nini kinakukera huko ulikohamia. Na kama hujaacha sema pia, hatukupeleki polisi.

Fundi wa Mkomani

Sahihisho dogo, bwana. Viraka vya Windows 10 havikukatwa kwa kila mtu. Anayejiandikisha anaongezewa mpaka Oktoba 2026.

Saiba ya Langoni

Nijiandikishe na Windows ya wizi, shehe? Si ndiyo kujipeleka kituoni mwenyewe.

Mpiga picha wa Shela

Kaka yangu, mie sikuacha kwa hiari.

Napiga harusi, upande wa wanawake. Waliooa huku wanajua: siku ya kupamba simu huachwa mlangoni, na anayeshika kamera ni mwanamke mmoja aliyeaminiwa. Hakuna kurusha mtandaoni, hakuna "nitumie kipande kidogo tu". Video anakabidhiwa bibi harusi au mamake, basi. Kazi yangu yote imesimama juu ya hiyo amana. Ustadi wa kamera wako wengi kunishinda.

Mwaka 2021 nikatafuta programu ya kuhariri video, ile wanayotumia wakubwa, nikaipata imekrakiwa. Maelezo yake mstari wa kwanza kabisa: zima antivairasi. Nikazima. Nilizima kwa mkono wangu, na hili ndilo linalonikeresha kuliko yote.

Wiki ya pili nafungua folda, kila faili jina lake limeongezwa herufi nisizozijua, na kando kuna barua ya Kiingereza inadai bitcoin. Harusi tatu zilikuwa humo. Mbili kadi zake nilikuwa nazo bado. Ya tatu kadi nilishaifomati kwa kazi nyingine.

Nikaenda kwa mama wa bibi harusi. Nilikuwa nimejiandaa kutukanwa, kurudisha pesa, kulia, vyote. Yeye akaniuliza neno moja tu: "Hao waliozifunga, wanaweza kuziona?"

Sikuwa na jibu. Zipo programu za utekaji ambazo hunakili mafaili kwanza ndipo hufunga, na nyingine hufunga tu. Sikujua yangu ilikuwa ya aina gani, na mpaka leo sijui. Nikamwambia hivyo hivyo. Alinyamaza, akamimina kahawa, akanipa. Ile kahawa sikuweza kuimeza.

Sasa natumia Kdenlive, ya kuhariri video, juu ya Ubuntu, ambayo ni Linux nyingine. Sauti nasafisha kwa Audacity. Mashine ya harusi haijawahi kuunganishwa na intaneti tangu siku niliyoisakinisha, na kila kazi ina nakala mbili kwenye diski mbili, moja kwangu, moja kwa dada yangu. Vituko vya Kdenlive ninavyo: klipu za simu ambazo kasi ya fremu zake hupanda na kushuka, sauti huachana na mdomo, mpaka nizipitishe kwanza kwenye HandBrake, programu ya kugeuza video. Usiku mzima huo. Lakini sijaombwa kuzima kitu.

Barazani Mkunguni

Pole sana dada. Wallahi nimesoma mara mbili.

Mtembeza wageni

Mie sina kompyuta, yangu simu, lakini hadithi ninayo.

Mimi hutembeza wageni mji wa kale. Ramani iliyokuja na simu yangu ilikuwa ikikuonyesha barabara ya ufukweni vizuri, na barabara kuu ya ndani, kisha ukiingia kwenye vichochoro unajiona nukta ya buluu imekaa juu ya paa la mtu. Mgeni mmoja Mjerumani ndiye aliyenionyesha ya kwake, ina mpaka visima na misikiti. Nikadhani ni ya kulipia. Kumbe ni OpenStreetMap, ramani iliyoanzishwa Uingereza mwaka 2004, na yeyote anaweza kuongeza alichokiona kwa macho yake.

Nikaanza kuongeza. Kuna programu inaitwa StreetComplete, wewe unatembea, yenyewe inakuuliza maswali. Ndia hii (sisi Waamu twasema ndia) imesakafiwa au ni udongo? Ngazi hizi zina pa kushikia? Jina la njia hii ni lipi? Hapo ndipo tulipogombana. Vichochoro vyetu vingi havina jina la kibao. Ni "kwa fulani", "nyuma ya msikiti fulani", na fulani mwenyewe alishakufa zamani. Nikaona nisiandike jina la kubuni, nikajibu haina jina. Bibi yangu angenichapa.

Lawama ndiyo malipo yangu. Wenzangu waliposikia wakanijia juu: "Wewe wawapa wageni njia, kesho watatuhitaji kwa lipi?" Hawakosei sana. Msimu uliopita nimewaona wageni wanapita na simu mkononi, wananiambia ahsante, tunaijua njia. Njia niliyoichora mimi!

Lakini ramani haijui maji. Haikwambii siku ya bamvua maji yatapanda mpaka wapi ufukweni, wala punda aliyebeba mawe hasimami, wewe ndiye wa kusimama. Hayo bado nauza.

Wa Mokowe

Nyote mwapamba tu. Niwape upande wa pili.

Niliweka Linux mwaka jana kwenye laptopu ya mke wangu. Waifai haikushika. Wiki mbili tunavuta intaneti kwa waya wa simu, simu imelala juu ya kibodi kama mgonjwa. Nikauliza mtandaoni, nikaambiwa nisome mwongozo. Nikasoma. Mwongozo ukaniambia nishushe dereva, programu ya kuiwezesha waifai, kutoka kwenye intaneti ambayo sina. Nikarudi kwenye Windows ya kukraki, ndipo nilipo, naungama.

Halafu hili watu husema, "huria ni salama", yaani programu ambazo msimbo wake uko wazi kwa yeyote, mnisamehe. Machi 2024 si ndipo mlango wa siri ulipokutwa ndani ya xz? Hiyo si huria?

Fundi wa Mkomani

Ni huria, na ni kweli. Tena ni kisa kibaya kuliko ulivyokisema, ngoja nikieleze maana watu hukitaja bila kukijua.

xz ni kiprogramu cha kubana mafaili. Karibu kila Linux inacho. Kilikuwa kikitunzwa na Mfini mmoja, Lasse Collin, bila mshahara, na alikuwa amechoka, alisema mwenyewe. Akatokea mtu anayejiita Jia Tan, hodari, mpole, akasaidia zaidi ya miaka miwili. Fikiria baharia anayepanda jahazi, anatweka na kutua tanga misimu miwili, hadi nahodha aliyechoka anampa usukani. Kumbe alikuja na keekee. Matoleo ya 5.6.0 na 5.6.1 yakatoka yametobolewa, ili mwenye ufunguo wa siri aweze kuingia kwenye seva za watu.

Aliyegundua ni Andres Freund, mhandisi wa Microsoft, na hakuwa akitafuta wezi. Aliona kuingia kwenye mashine yake kwa SSH (njia ya kuingia kutoka mbali) kunachelewa kama nusu sekunde, akakereka, akafuatilia. Kwa kuwa msimbo ulikuwa wazi aliweza kuufuata mpaka chini. Matoleo yale yalikuwa bado hayajafika kwa watu wengi.

Wa Mokowe

Kwa hivyo dunia iliokolewa na mtu mmoja asiye na subira.

Fundi wa Mkomani

Ndiyo. Na Julai 19, 2024, kwenye mfumo uliofungwa, sasisho moja la CrowdStrike, kampuni ya usalama wa kompyuta, liliangusha mashine za Windows milioni 8.5 siku moja. Hilo hakuna mtu wa nje aliyeweza kulikagua kabla. Chagua wewe.

Wa Mokowe

Nachagua daftari na kalamu.

Mama duka, Malindi

Baba, daftari nalo usiseme. Niliacha la karatasi kwa ajili ya programu ya simu ya kuandika mauzo na madeni. Mwaka wa kwanza haikunitoza kitu. Wa pili wakaanza kutoza kwa mwezi. Wa tatu siku moja naifungua, haifunguki, kampuni imejifia, na majina ya wanaonidai na ninaowadai yamekwenda nayo. Ninaowadai wakasahau haraka sana. Wanaonidai hakuna aliyesahau.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Mie daftari ndilo lililopotea.

Sasa mpwa wangu amenichorea jedwali kwenye LibreOffice Calc. Kila Ijumaa nalichapa karatasini. Sina la zaidi.

Maalim wa Faza

Shuleni kwetu mtandao huja na kuondoka kama mgeni wa mbali. Nilichofanya ni hiki: nilipokwenda mjini nikashusha Kiwix, programu ya kusomea Wikipedia bila intaneti, na faili la Wikipedia ya Kiswahili yote, ile iliyoanza mwaka 2003 na sasa ina makala zaidi ya 80,000. Inaingia kwenye laptopu bila taabu. Ya Kiingereza pamoja na picha ni zaidi ya GB 90, hiyo niliiacha. Nikirudi darasani nafungua bila bando, bila kuomba ruhusa.

Wanafunzi jambo la kwanza walilotafuta ni kwao. Mtoto hutafuta kwao. Wakakuta aya chache, nao wakazikosoa palepale, huyu anasema hapa pamekosewa, yule anasema mbona Siyu imesifiwa kuliko sisi. Nikawaambia kinaweza kurekebishwa, na mtakaorekebisha ni nyinyi, ila kila neno muonyeshe mmelitoa wapi. Hapo kelele ikapungua. "Babu kaniambia" haikubaliwi kule, na vitabu vya Pate ninavyovijua vingi havipo kwenye maktaba yetu. Mpaka sasa tumeongeza sentensi nne. Nne tu, lakini zimesimama.

Kuhusu neno "bure" alilotumia mwenye mada. Richard Stallman, mwanaprogramu Mmarekani, alipotangaza mradi wake wa programu huru wa GNU mwaka 1983, alijipa kazi ya kuwaeleza Waingereza na Wamarekani miaka nenda miaka rudi kwamba hasemi bei, anasema uhuru, maana kwao neno ni moja, "free". Sisi yako mawili, bure na huru, na bado tukachanganya. Tena "bure" yetu ina maana ya pili, ya kazi isiyo na faida. Dada wa Shela anaijua.

Barazani Mkunguni

Mie nilidhani sina la kusema, sijawahi kuhama popote. Kumbe VLC ya kuchezea video, ile yenye alama ya koni ya barabarani, ilianza kwa wanafunzi wa chuo huko Ufaransa na ni huria. Miaka yote hiyo nafungulia kaswida za 3gp na video za harusi za mwaka 47, na nilikuwa na uhakika kabisa kwamba nayo nimeiiba.

Mpiga picha wa Shela

😂 Umeniondolea huzuni, kaka.

Kijana wa Kizingitini

Samahani wakubwa zangu, nauliza. Nina laptopu ya marehemu baba, RAM GB 2, inachukua muda wa kuchemsha chai kuwaka. Mint itaingia? Naogopa kupoteza vilivyomo, kuna barua zake.

Saiba ya Langoni

Pole kwa msiba, mwanangu. Kwanza usisakinishe chochote. Unaweza kuiwasha kutoka kwenye flashi bila kugusa diski, ukaona kama inaburuta, na ukiwa humo humo ukazinakili hizo barua kwanza. Kwa GB 2 jaribu Mint ya Xfce, ile nyepesi, ikilemewa tutakwenda Lubuntu, Linux nyingine nyepesi. Ukija Amu na boti ya asubuhi pitia kwangu, nitakuandikia, sikutozi. Lete flashi mbili, moja ya barua na moja ya GB 8 ya kuwashia. Hiyo ya GB 8 iwe haina kitu unachokihitaji, maana itafutwa yote.