Naomba ushauri: neno moja la Kiingereza, mawili ya Kiesperanto

Habari zenu wanajamvi.

Najifunza Kiesperanto, ile lugha ya kubuniwa ili watu wa mataifa mbalimbali waelewane, huu mwezi wa tatu. Nina daftari la maneno 400 ya Kiingereza, natafuta tafsiri ya kila moja, na nimekwama.

Juzi niliandika "La akvo estas libera" nikimaanisha maji ni ya bure. Mwenzangu akacheka: kwani yalikuwa jela? Kumbe "libera" ni huru; kitu cha bure ni "senpaga", yaani bila malipo. Kiingereza kinasema "free" kote kote. "Old" nayo ni hivyo hivyo: mtu ni "maljuna", kitu ni "malnova". Kwa Kiswahili nisingekosea, maana hakuna anayeita shati mzee.

Nimejaribu programu ya kutafsiri, inanipa neno moja tu, haiulizi namaanisha nini. Kamusi ya Kiswahili na Kiesperanto sina.

Je, niitupe orodha ya Kiingereza nianzie Kiswahili, au niibakize na kuandika sentensi fupi kwa kila maana?

La pili: hospitali ni "malsanulejo" au "hospitalo"? Yote nimeyakuta. Mnaoongea na wenzenu kila siku, mnatumia lipi?