Mpango wa baiskeli za kwendea kazini hapa Uingereza: wenye mishahara minono wanapeta, sisi wa chini tunaambulia paundi 21

Wakuu heshima kwenu. Naandika nikiwa na hasira maana nimetoka kuongea na HR, yani ofisi ya utumishi kazini kwetu, muda si mrefu, na nisiposema nitapasuka.

Kwa wale wa nyumbani wasioujua huu mpango, upo hapa tangu 1999. Mwajiri ndo ananunua baiskeli, wewe unaikodi kwake, mara nyingi mwaka mmoja, na hela ya kukodi inakatwa kwenye mshahara kabla serikali haijachukua kodi na bima ya taifa. Kwaiyo ile sehemu iliyokatwa huitozwi kitu. Mabango yake yako kantini kwetu yameandikwa okoa hadi asilimia 42, na picha ya jamaa anacheka juu ya baiskeli. Hiyo 42 ni ya mtu anayelipa kodi ya asilimia 40 na bima ya taifa 2, yani anayezidi paundi 50,270 kwa mwaka. Mimi nipo kwenye kodi ya 20 na bima ya taifa 8, jumla 28. Bango halisemi 28.

Mimi naishi Sheffield, kazi iko ghalani upande wa Rotherham, shifti inaanza saa 12 asubuhi na basi la kwanza linanichelewesha. Gari sina. Njia yangu ni ile ya kando ya mfereji, haina magari, ila mvua zikianza ni tope na mashimo. Ndo maana nataka mauntenibaiki, yani baiskeli ya njia mbovu, wala sio ya mapambo, nataka shokapu mbele tu nyuma pawe pagumu, breki za diski za mafuta, tairi pana, na fremu iwe na matundu ya kufungia keria na madigadi. Hayo matundu muyaangalie sana wakuu, maana mauntenibaiki nyingi hazina, afu ukishafika nayo nyumbani ndo unajua kwamba tope lote ni la mgongoni kwako na begi utalibeba mwenyewe mwaka mzima.

Sa, nikaenda dukani na makadirio ya HR mkononi. Muuzaji ananivutia kwenye zenye shokapu mbili, mbele na nyuma, eti ndo mauntenibaiki yenyewe. Kaka mimi naenda kupakia maboksi sishuki mlima! Nikaenda zile za bei ya chini, nikashika hendeli nikabonyeza kwa uzito wangu wote, shokapu ina springi ya chuma, inazama hadi mwisho na kurudi kwa kishindo, afu hamna hata swichi ya kuifunga ukiwa kwenye lami. Hiyo ni kilo za bure unazipandisha vilima vya Sheffield kila siku. Mi nimekulia Shinyanga, baiskeli nimeifungua na kuifunga tangu mdogo, siwezi kudanganywa na rangi.

Nikaipata moja safi, kila kitu ninachotaka ipo nacho, saizi yangu, bei paundi 700 imeshushwa hadi 560. Nikasema hii hapa. Jamaa akaniuliza unalipa kwa kadi au kwa vocha ya kazini (hati ya kulipia baiskeli kupitia huu mpango), nikamwambia vocha, akasema basi kwa vocha ni 700. Nimemuuliza kwa nini, akajibu kwamba kampuni ya katikati, hiyo inayotoa vocha, inakata kamisheni yake dukani kwa kila baiskeli, kwaiyo za punguzo hawawezi kuziuza hivo watapata hasara. Yani punguzo la kila mpita njia, mimi niliyeletwa na mpango wa serikali wa kunisaidia ndo nanyimwa!

Haya tupige hesabu pamoja. Baiskeli 700, naokoa asilimia 28, ni paundi 196. Safi eh? Subiri. Mwaka ukiisha baiskeli bado ni ya mwajiri. Ukiitaka iwe yako unalipa thamani yake, na HMRC, yani mamlaka ya kodi ya hapa, wana jedwali lao, baiskeli ya kuanzia paundi 500 ikitimiza mwaka inahesabiwa asilimia 25. Asilimia 25 ya 700 ni 175. Toa kwenye 196. Inabaki 21. Paundi ishirini na moja wakuu!! Wakati ningelipa kwa kadi siku ileile ningeokoa 140. Na mwajiri je? Na yeye halipi ile bima ya taifa ya upande wake, asilimia 15, kwenye hela niliyokatwa, anabaki na 105. Ananipita mara tano na baiskeli naendesha mimi.

Najua kuna wataokuja kusema ongeza mkataba. Ndio, ipo njia ya kuendelea kukodi mpaka baiskeli ifikishe miaka minne, hapo thamani inashuka hadi asilimia 7, ningelipa 49 tu. Nimemuuliza dada wa HR, anasema mkataba waliosaini na hiyo kampuni ya vocha hauna hicho kipengele. Nikauliza nani alisaini hivo, kimya.

Na bado kuna ukomo. Sheria inasema makato yasikushushe chini ya kima cha chini cha mshahara. Mimi nakizidi hicho kima kwa peni chache tu. Kwaiyo nafasi niliyonayo ni peni 39 kwa saa, kwa mwezi ni kama paundi 63, na hapo ndani ikae baiskeli, helmeti na kufuli la maana, maana ikiibiwa makato yanaendelea kama kawaida. Ukiacha kazi katikati, kilichobaki wanakikata kwenye mshahara wa mwisho, na hapo ile nafuu ya kodi haipo tena.

Lakini kilichoniuma kuliko vyote ni mama watoto. Anafanya usafi jengo hilohilo, analipwa kima cha chini kamili, anaanza saa 11 asubuhi kabla hata ya mimi. Akajaza fomu, mfumo ukamkataa papo hapo. Hana hata peni ya kukata. Wakati huohuo tangu 2019 ule ukomo wa paundi elfu moja uliondolewa, kwaiyo meneja wetu wa ghorofani kachukua ya umeme ya paundi 3,000, kwake hiyo ni nafuu ya 1,260 kabla ya kulipia thamani ya mwisho, na gari lake bado lipo pakingi. Simchukii mtu, kafuata utaratibu. Ila utaratibu uliomuona yeye ndo mhitaji na dada wa usafi sio, aliutunga nani? Na vijana wanaopeleka chakula kwa baiskeli usiku kucha kwenye mvua, wanahesabiwa wamejiajiri, hawamo kabisa.

Msiniambie sheria haina jinsi. Mwajiri anaruhusiwa kuendesha huu mpango mwenyewe bila kampuni ya katikati, anaenda dukani ananunua kwa bei ya punguzo, kwisha. Na hamna sheria inayomkataza kununua baiskeli akawaazima wafanyakazi wa kima cha chini bila kugusa mishahara yao, msamaha wa kodi upo palepale. Hayo yote nimeyaandika kwenye imeli kwa HR leo na nimemnakili mwakilishi wa chama cha wafanyakazi.

Mwenye mwajiri aliyekubali moja kati ya hayo mawili aweke hapa walifanyaje, nani alisaini, waliandikaje. Kikao na HR ni Alhamisi na sitaki kwenda mikono mitupu.