Siku ya Taco Marekani: sikukuu au tangazo la biashara?

Mleta mada
Wakuu, salaam. Mwaka wa tisa huu nipo Marekani, na kila Oktoba simu yangu inajaa matangazo ya Siku ya Kitaifa ya Taco. Kwa asiyeijua: taco ni chapati ndogo ya mahindi inayokunjwa na nyama, kitunguu, kotimiri na pilipili ndani, inaliwa kwa mkono.

Kwa miaka mingi siku hiyo ilikuwa tarehe 4 Oktoba. Mwaka 2024 ikahamishiwa Jumanne ya kwanza ya Oktoba. Nani kaihamisha? Si Bunge, si rais. Taco Bell, kampuni kubwa ya mikahawa ya taco ya Marekani, waliiomba National Day Calendar, kampuni binafsi ya North Dakota inayotunza orodha ya "siku za kitaifa", nayo ikakubali. Kwa nini Jumanne? Kwa sababu ya msemo "Taco Tuesday", ambao Taco John's, washindani wa Taco Bell, waliusajili kama alama yao ya biashara mwaka 1989 na kuushikilia hadi 2023, Taco Bell walipoupinga na wenzao wakauachia. Mwaka uliofuata siku nayo ikahama.

Sikukuu gani hii? Idi inasubiri mwezi uandame, hii inasubiri idara ya masoko. Naomba kuwasilisha, povu ruksa.

Mchangiaji wa kwanza
Mkuu, mbona unaumia na ofa? Mwenye kisu kikali ndiye hula nyama. Halafu usituoneshe kana kwamba Mexico kwenyewe ni kutakatifu. Wao wana Siku ya Taco tarehe 31 Machi, na ilianza 2007 kwa msukumo wa Televisa, kampuni ya televisheni! Mbona hao huwasemi?

Mchangiaji wa pili
Si sawa hata kidogo. Televisa walisherehekea chakula cha nyumbani kwao. Kule San Bernardino, California, kuna mkahawa unaitwa Mitla Cafe, ulifunguliwa 1937 na familia yenye asili ya Mexico. Ng'ambo ya barabara palikuwa na kibanda cha hambaga cha kijana aitwaye Glen Bell. Jamaa akawa anavuka kwenda kula taco zao, akazisoma zinavyotengenezwa, akaanza kuuza zake. Mwaka 1962 akafungua Taco Bell huko Downey. Sasa warithi wa kibanda ndio wanaotupangia siku ya kusherehekea!

Mchangiaji wa tatu
Kunakili kumo ndani ya taco yenyewe, ndugu zangu. Mwanahistoria Jeffrey Pilcher anaona jina lilitoka kwa wachimbaji wa fedha wa Mexico wa karne ya 18, ambao "taco" kwao ilikuwa baruti iliyosokotwa kwenye karatasi na kupachikwa mwambani. Na ile ya al pastor, nyama ya nguruwe inayozungushwa kwenye mshikaki wa wima? Hiyo ni shawarma! Wahamiaji wa Lebanon waliipeleka Mexico, wenyeji wakabadilisha nyama na viungo. Aliyekula shawarma Kariakoo au Mombasa akiiona tu anaitambua.

Cha kwao hasa, na cha kale, ni chapati: mahindi yanachemshwa kwa maji ya chokaa kabla ya kusagwa, na chokaa ndiyo inayofanya unga ushikane. Sisi mahindi yalitufikia, ufundi huo ukabaki hukohuko. Nikisherehekea kitu, nitasherehekea huo.

Mleta mada
Kwenye Televisa umenibana, mchangiaji wa kwanza, nakubali. Ila hapo kwenye Mitla sishuki. Kumnakili jirani ni jambo moja, kushika kalenda ni jingine, na katika matangazo yote niliyotumiwa sijaona hata moja linalomtaja huyo jirani.

Mitla bado wanapika. Oktoba nina safari ya kikazi California. Jumanne yenyewe nitakwenda kula pale, kwa bei kamili.