Acheni kusifu katazo la magari-nyumba la San Francisco, na msituletee hapa Lubumbashi

Ndugu zangu wa Lubumbashi, nimevumilia siku nyingi nikiwasikia watu wazima, wengine wenye elimu kunizidi, wakisema kwamba San Francisco, jiji la Marekani, imeonyesha njia ya kusafisha barabara kwa kuyakataza magari ambamo watu huishi, na kwamba malori yanayolala kando ya njia ya kwenda mpakani Kasumbalesa yafukuzwe kwa mtindo huohuo. Leo nimeshindwa kunyamaza. Wanaosifu jambo hili wameona picha za mitaa mitupu, lakini hawajauliza waliokuwa wakilala pale wamepelekwa wapi.

Mnamo Julai 2025 baraza la San Francisco lilipitisha kanuni iliyoletwa na meya Daniel Lurie, inayokataza gari lenye urefu unaozidi futi 22, au kimo kinachozidi futi 7, kuegeshwa kwa zaidi ya muda wa saa mbili katika mitaa ya jiji zima. Utekelezaji ulianza Novemba mwaka huohuo. Asiyejua atadhani ni kanuni ya maegesho tu. Magari yanayolengwa ni yale yenye kitanda, jiko na choo ndani, ambamo mamia ya watu huishi kwa sababu kodi ya chumba imewashinda, na wengi wao huamka asubuhi kwenda kazini kama mimi na wewe. Mama anayesafisha ofisi kutwa nzima atalihamishaje gari lake kila baada ya saa mbili, ilhali yeye yuko kazini na watoto wako shuleni?

Mtanijibu kwamba vibali vya kuegesha zaidi ya muda huo vimetolewa. Ndiyo, vya miezi sita, kwa magari yaliyokuwa yameorodheshwa Mei 2025. Aliyefika mwezi uliofuata hana lake. Mtaniambia pia kwamba jiji linayanunua magari hayo kwa dola 175 kwa kila futi. Basi fanyeni hesabu: gari la futi 24 ni dola 4,200. Nyumba ya mtu imepimwa kama kitenge sokoni, na fedha hizo katika jiji kama lile hazimfikishi mbali.

Kinachonichoma zaidi ni hiki. Jiji hilohilo lilikuwa na uwanja wa kuegesha magari ya kuishi, pale Candlestick Point, uliofunguliwa mwaka 2022. Kwa miaka yote uliyodumu, tatizo la umeme halikumalizwa; jenereta za dizeli ndizo zilizotegemewa, na nafasi zilizotumika zilikuwa chache kuliko zilizoahidiwa. Sisi tunaojua maisha ya gizani tunaelewa maana yake. Mapema mwaka 2025 uwanja ukafungwa, na miezi michache baadaye ndipo kura ya kuzuia magari hayo mitaani ikapigwa. Yaani walifunga mahali palipokuwepo, kisha wakamwadhibu mtu kwa kukosa mahali. Hilo ndilo mnalotaka tuliige?

Mimi nimeendesha lori kwa miaka 11, nikibeba shaba kutoka Kolwezi, nikipita Likasi na hapa kwetu hadi mpakani Kasumbalesa. Foleni ikikwama, kabini ndiyo chumba. Nimepika bukari, ugali wetu, kwenye mbabula, jiko la makaa, chini ya trela siku nne mfululizo, nimeugua malaria nikiwa nimejikunja nyuma ya usukani, na mara moja, saa nane ya usiku, mvua ikinyesha, watu wenye sare walitugongea milango na kutuamuru tuondoke mara moja. Nilimwuliza mmoja wao kwa heshima zote, "Baba, twende wapi?" Hakuwa na jibu. Tuliwasha injini tukiwa na usingizi, na shehena ya tani nyingi nyuma yetu, tukasogea kilomita chache na kusimama kando ya barabara ileile, mahali pabaya zaidi, pasipo taa wala bega la barabara.

Kuna majaji huko Marekani walioliona jambo hili. Mwaka 2016, mjini Seattle, fundi mmoja aliyekuwa akiishi ndani ya gari lake alikokotewa gari hilo na mji, likiwa na vifaa vyake vya kazi, kwa sababu lilikuwa limekaa zaidi ya saa 72 mahali pamoja. Ili kulilipia alitakiwa kutoa dola 547, ilhali kipato chake cha mwezi kilikuwa dola mia chache tu. Agosti 2021 Mahakama ya Juu ya jimbo la Washington iliamua kwamba gari lile lilikuwa makazi yake kisheria, na kwamba mzigo ule wa malipo ulikuwa umepita kiasi kwa mtu wa hali yake. Na mji wa Santa Barbara, tangu mwaka 2004, una mpango unaowaruhusu watu wanaoishi katika magari kulala kwenye viwanja maalumu vya maegesho bila kufukuzwa. Mbona mifano hii haisifiwi?

Sikatai kwamba malori yanayosimama ovyo ni hatari. Nimezika wenzangu wawili waliogonga trela lisilo na taa usiku. Lakini kila anayetaka tufukuzwe barabarani ninamwomba aandike hapa chini mambo matatu: kiwanja kiko wapi kati ya hapa na Kasumbalesa, kitakuwa na maji, choo na mlinzi kuanzia tarehe gani, na dereva atalipa kiasi gani kwa usiku mmoja. Asiyeweza kuyajibu asituambie tena habari za San Francisco.