Wazee wenye kisukari wanachagua kati ya kula na kumeza dawa, na sisi tunaona kawaida?

Wakuu, nina hasira na sitaificha.

Juzi nimemkuta mama, miaka 71, ameshika kisu kidogo anakata vidonge vyake vya sukari katikati. Nusu anameza, nusu anaifunga kwenye kikaratasi cha kesho. Nikamuuliza, mama, vipi tena? "Mwanangu, nikinunua dozi nzima sili." Nilikosa la kusema.

Msaada wa chakula anapata, ndiyo. Nilikwenda kumchukulia mwenyewe: wanga juu, wanga chini, na pakiti ya sukari! Kwa mgonjwa wa kisukari! Nikalalamika, nikaambiwa mgao ni mmoja kwa wote. Dirisha la dawa nako wakasema mambo ya chakula hayawahusu. Sasa yanamhusu nani?

Maana insulini, na vidonge kama glibenklamaidi vinavyoisukuma kongosho itoe insulini, havitaki tumbo tupu. Ukitumia hujala, sukari ya damu inaweza kushuka chini ya 4 (mmol/L, kipimo cha sukari kwenye damu): jasho, kutetemeka, kuchanganyikiwa. Kijana atawahi kitu kitamu. Mzee anayelala peke yake anaanguka usiku, nyonga inavunjika, anakutwa asubuhi. Mwaka 2014 watafiti wa California walionyesha kwamba watu wa kipato cha chini walilazwa kwa sukari kushuka 27% zaidi wiki ya mwisho ya mwezi kuliko wiki ya kwanza. Wenye kipato kikubwa hawakuwa na tofauti hiyo. Hela imekwisha, chungu hakipandi jikoni, dawa bado inamezwa.

Na akiacha dawa? Macho, figo, mguu. Mguu ukishaoza ndipo fungu la upasuaji linapatikana haraka, ila la vidonge halikuwepo miaka yote hiyo. Hili ndilo linanichoma zaidi.

Msiniambie insulini ni ya gharama tangu mwanzo. Wagunduzi wake waliuza hataza (haki ya kumiliki ugunduzi) kwa Chuo Kikuu cha Toronto mwaka 1923 kwa dola 1 kila mmoja.

Ninachotaka: anayeandika dawa amuulize mzee amekula nini, na karatasi hiyo hiyo ya daktari ibadilishe mgao wa chakula. Basi.

Dozi ya mwezi huu nimemnunulia. Kuna aliyefanikiwa kubadilishiwa mgao wa mzazi wake? Ulianzia wapi, na ulipeleka karatasi gani?