Akili haikai kazini, nasoma imeili moja mara nne na bado naharibu. Naombeni ushauri

Binti wa Mianzini

Habari za jioni wakuu. Sijawahi kufungua uzi, huwa nasoma tu na kupita, kwa hiyo mnivumilie nikiandika ovyo.

Nina miaka 31, niko kampuni ya utalii hapa Arusha, upande wa kupanga safari. Mgeni akiandika anataka siku saba, mimi ndiye natafuta loji, natafuta ndege, nalipia mageti, natengeneza vocha (ile karatasi ya maelekezo ya safari), namkabidhi dereva. Kazi naipenda, huu ni mwaka wa sita. Zamani ungeniamsha usiku ningekutajia nani kalala Karatu na nani anatoka Seronera kesho, bila kufungua kompyuta.

Tangu katikati ya Juni kichwa kimekuwa kizito. Sijui nieleze vipi. Si homa, na si usingizi hasa. Ni kama mtu anaongea nami akiwa chumba cha pili. Nafungua imeili, naisoma, nafika chini sikumbuki juu palisema nini. Naanza upya. Naenda kwenye printa, nikifika nasimama nimeduwaa, sijui nimefuata nini. Juzi nilimwita mwenzangu kwa jina la mtu aliyeacha kazi mwaka juzi.

Mwanzoni tulikuwa tunacheka wote ofisini. Wiki iliyopita nilikuwa na wageni wawili, wazee, wanakwenda Kogatende kuona nyumbu wakivuka Mto Mara. Ndege yao inaondokea Kisongo, uwanja mdogo wa hapa Arusha. Mimi kwenye vocha nikaandika KIA, uwanja mkubwa wa Kilimanjaro. Nikaisoma, nikagonga muhuri. Dereva akafuata karatasi. Saa mbili kasorobo asubuhi ananipigia: "Dada, huku hiyo ndege hawaijui." Kutoka KIA hadi Kisongo ni zaidi ya kilomita 50, na foleni ya Tengeru asubuhi mnaijua. Ndege haikuwasubiri. Bosi hakunifokea, afadhali angefoka. Alisema tu, "Wewe? Wewe ndiye umeandika hivi?" Tiketi za kesho yake tumelipa nusu kwa nusu, yangu inakatwa kwenye mshahara.

Mengine: nalala saa sita usiku, maana wageni wangu wengi ni wa California, kwao saa nne asubuhi huku ni saa mbili usiku. Naamka saa kumi na mbili, kichwa kinanigonga kwa mbele. Ikifika saa nne nikiwa ofisini maumivu yameachia, uzito unabaki. Pombe sinywi. Mimba sina, nimepima. Malaria nimepima mara mbili, hakuna. Mapenzi msiniulize, sina mtu. Naishi na mdogo wangu wa kidato cha pili, chumba na sebule, na baridi ya mwaka huu imetunyoosha kweli kweli.

Hivi huku ni kuchoka tu? Naogopa nitafukuzwa, na nitakosa hata la kujitetea.

Chalii wa Kaloleni

Naweka kambi hapa. Mimi nilienda soko la Kilombero na pikipiki nikarudi na daladala. Nimekuja kukumbuka usiku. Pole sista.

Mlinzi wa Zamu ya Usiku

Makosa mfululizo, tarehe ya kuanza inajulikana, bosi anashangaa. Angalia ofisini nani anakitaka kiti chako. Sisemi zaidi.

Mama K

Mkuu, kwenu hata umeme ukikatika ni jirani.

Afya Tele

Dada pole. Kuna virutubisho vya kusafisha ubongo, siku 14 tu unarudi kama mtoto. Njoo inboksi.

Mama K

Huyu naye. Kwenye uzi wa yule aliyeibiwa kuku alikuja na makopo hayo hayo.

Dereva wa Mbuga

Dada, mimi ni yule anayepewa karatasi zenu, kwa hiyo nitaongea la kazi, ya afya wapo wenyewe.

Vocha usiisome kwa macho. Macho yanasoma kile unachotegemea kuona. Isome kwa sauti, mdomo utembee: tarehe, jina, uwanja, saa ya ndege. Ukishindwa kwa sababu ofisi ina watu, nenda nje nayo. Pili, mwombe mwenzako aisome yeye, na wewe usome za kwake, isiwe kama anakusimamia. Tatu, vocha zote tengeneza saa nne mpaka saa saba, muda ambao kichwa kimeachia. Imeili za maswali ya wageni, kama tumbili wapo na bafu lina maji ya moto, weka jioni, hata ukikosea hakuna anayelala uwanjani.

Sisi ofisini juu ya karatasi tunaandika kwa kalamu nyekundu ARK (Kisongo) au JRO (KIA), herufi kubwa. Tulianza baada ya yaliyotukuta, na yalikuwa hayo hayo ya kwako.

Halafu dereva wako naye asijitoe. Jioni kabla ya safari mimi napiga simu kuulizia ndege, hata vocha iwe imeandikwa na malaika.

Muuza Dawa

Swali dogo. Baridi hii una mafua? Unameza nini?

Binti wa Mianzini

Dereva, ya kalamu nyekundu naianza kesho.

Muuza Dawa, ndiyo, nina mafua yasiyoisha. Nameza piritoni moja kila usiku.

Muuza Dawa

Nilijua. Piritoni inaleta usingizi, na haiishi mwilini asubuhi kwa kuwa wewe umeamka. Watu wanaona ni kidonge kidogo cha manjano wanakimeza kama karanga. Achana nayo kwa sasa, zipo dawa za mzio zisizolaza. Umeanza lini?

Binti wa Mianzini

Wiki ya pili ya Julai.

Muuza Dawa

Basi inaongezea tu. Uzito wako ni wa Juni, piritoni imeukuta. Acha kuimeza hata hivyo, lakini endelea kutafuta.

Baba Tengeru

Binti yangu, shikamoo zako nimezipokea hata kama hukuniamkia. Saa sita za usingizi hazitoshi, mtu mzima anahitaji saba kwenda juu. Na kama kuna kikombe cha kahawa hapo saa kumi jioni, ujue saa nne usiku karibu nusu yake bado inazunguka kwenye damu. Mimi nalima kahawa, siipigi vita. Naiheshimu tu baada ya mchana.

Binti wa Mianzini

Shikamoo baba, nisamehe. Kahawa ya jioni ipo, napunguza. Ila msimu wa wageni huwa nalala hivi hivi kila mwaka, na kichwa kilikuwa kinakaa sawa. Ndiyo maana nachanganyikiwa. Mwaka huu kuna nini?

Nesi wa Wodi Nne

Samahani nimechelewa, nilikuwa kazini. Nijibu matatu, usiruke hata moja.

Jumapili ukishinda nyumbani, kichwa kinapona kama siku za kazi au kinazidi? Mdogo wako yeye hali yake ikoje? Na humo ndani mnaota moto kwa kitu gani?

Binti wa Mianzini

Jumapili kinazidi. Nilidhani ni uchovu wa wiki.

Mdogo wangu analalamika kichwa na kichefuchefu asubuhi. Nilimwambia anakwepa shule, kwa sababu akitoka tu akafika stendi anakuwa mzima. Nilimsema sana.

Jiko ni la mkaa. Tunapika barazani, tukimaliza tunaliingiza sebuleni makaa yakiwa mekundu kabisa, hayana moshi hata kidogo. Tunaota mpaka tunalala. Dirisha nimelipigilia nailoni, na chini ya mlango tunabana khanga, upepo wa Meru unaingia kama kisu. Tulianza Juni baridi ilipoanza. Mwaka jana nilikuwa nakaa nyumba nyingine, kulikuwa na hita ya umeme ya mwenye nyumba.

Nesi unataka kusema nini?

Nesi wa Wodi Nne

Toa jiko nje sasa hivi kabla hujamaliza kusoma. Fungua dirisha, fungua mlango. Mwamshe mdogo wako mtoke nje wote wawili. Nasubiri.

Binti wa Mianzini

Nimelitoa. Tuko barazani na blanketi. Anauliza kuna nini.

Nesi wa Wodi Nne

Yeye anaongea vizuri? Hatapiki, hapepesuki? Akizidi kulegea au akilala usingizi usioamshika, wewe pia, msisubiri asubuhi, hospitali moja kwa moja.

Sasa nieleze. Makaa yakishakuwa mekundu moshi unakwisha, lakini kuna hewa inayoitwa kaboni monoksaidi ndiyo inatoka, na hiyo haina rangi, haina harufu, haikwaruzi koo. Ukiivuta inang'ang'ania kwenye chembe nyekundu za damu, mahali pale pale oksijeni inapokaa, na inashika kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni yenyewe. Damu inazunguka kama kawaida ila haikubeba mzigo. Ubongo ndio unaanza kulalamika: kichwa, kichefuchefu, kusahau, kusoma bila kuelewa. Ukitoka kwenye hewa safi inaachia taratibu, saa baada ya saa, ndiyo maana ikifika saa nne ofisini unapata nafuu. Jioni unarudi kuanza upya. Jumapili hutoki kabisa, kinazidi.

Aliyenishtua ni mdogo wako. Ugonjwa unaowapata wawili wa nyumba moja na kuwaachia wote wakitoka mlangoni, chunguza nyumba.

Na ukienda kituo chochote wakakubana kile kidude cha kupima oksijeni kidoleni kikasoma 98, usirudi nyumbani na furaha. Kile hakitofautishi damu iliyobeba oksijeni na iliyobeba hewa hii, vyote kinahesabu. Mwambie daktari kwa mdomo wako kwamba mlikuwa mnalala na jiko la mkaa. Ukiwa huko pima na wingi wa damu, maana mwenye damu kidogo hewa hii inamuumiza haraka zaidi.

Chalii wa Kaloleni

Nimetoka kulitoa la kwetu sasa hivi. Maza kaamka ananiuliza nimelewa.

Mlinzi wa Zamu ya Usiku

Sikubali sana. Bibi zetu wamekota moto ndani ya nyumba miaka yote, wamefika tisini.

Baba Tengeru

Mwanangu, nyumba ya bibi yako ilikuwa ya fito na udongo, juu majani, upepo unaingia huku unatokea kule na moshi unapita kwenye paa lote. Nyumba ile ilikuwa inapumua. Hiki cha binti ni bloku na plasta, dari limezibwa, dirisha limepigwa nailoni, mlango umebanwa khanga. Hata kuku usingemfungia humo na jiko.

Mama K

Mlinzi, nawe hapo kwenye kibanda chako unaota nini usiku?

Mlinzi wa Zamu ya Usiku

Mkaa. Nimefungua mlango, Mama K, usiniseme.

Binti wa Mianzini

Wakuu, marejesho baada ya siku tisa.

Asubuhi ile nilienda kituo cha afya na mdogo wangu. Daktari alisikiliza, akatuuliza maswali yale yale ya Nesi karibu neno kwa neno. Kidude kilisoma 97 kwangu na 98 kwa mdogo wangu. Wingi wa damu yeye yuko vizuri, mimi 9.8, na mwanamke anatakiwa 12 kwenda juu. Nimepewa vidonge vya kuongeza damu miezi mitatu. Nikaambiwa chai ya rangi nisinywe pamoja na chakula, inazuia madini ya chuma, na mimi chai ndiyo maji yangu. (Choo kinakuwa cheusi, kwa atakayeandikiwa dawa hizi asije akakimbilia hospitali kama nilivyotaka kukimbia mimi.)

Kichwa cha asubuhi kiliisha siku ya tatu. Mdogo wangu siku ya pili. Uzito haujaisha wote, mchana saa nane bado nazubaa, na daktari amesema damu haipandi kwa wiki moja. Lakini imeili naisoma mara moja, nikizidisha mbili. Vocha nasomeana na mwenzangu, na juzi mimi ndiye nilikamata kosa lake: mgeni mmoja kalipiwa vitanda viwili Ngorongoro. Bosi nimemweleza. Kanyamaza, akauliza sisi nyumbani tuko wangapi, halafu akampigia mkewe simu kuulizia jiko la kwao. Makato ya tiketi lakini yako pale pale.

Lililonikaa rohoni ni mdogo wangu. Mwezi mzima mtoto anasema kichwa kinauma, mimi namjibu vaa viatu uende shule. Nilimwomba msamaha tukiwa kwenye kifodi (daladala zetu za huku), akaangalia dirishani akasema, "Ulisema naigiza." Hajaongeza kitu. Tangu siku hiyo ananikagua mimi, kila usiku anashika jiko barazani kuona kama limepoa.

Sasa tatizo lililobaki ni baridi. Nailoni nimetoa, tunalala na soksi na masweta. Mnapata wapi mablanketi ya maana yasiyo bei ya watalii?

Nesi wa Wodi Nne

Nimefurahi. Mdogo wako usimwahishe, atakuja mwenyewe. Kwa baridi jaza maji ya moto kwenye chupa ngumu, ifunike na soksi nzito, weka miguuni nusu saa kabla ya kulala. Hakikisha kifuniko kimekaza.

Mama K

Mtumba, Kilombero, nenda asubuhi marobota yanapofunguliwa. Blanketi lishike juu ulitazame kwenye jua, matundu utayaona. Lile zito la kijivu la mistari ndilo lenyewe, hayo ya maua yanateleza na hayana joto. Nenda na mdogo wako achague la kwake.

Binti wa Mianzini

Asante Mama K, Jumamosi tutakwenda. Nianzie bei gani?

Mama K

Nusu ya atakayosema. Halafu ondoka kama hulitaki.