Mjadala: Podikasti zitangaze utafiti ambao bado mbichi?

Mwana_Kurasini: Wakuu, podikasti za sayansi zimekuwa nyingi, na baadhi zinasoma utafiti ambao hata haujapitiwa na wanasayansi wengine. Ukija kupinduliwa, hakuna anayerudi kusahihisha. Kwangu mimi, wasubiri. Mnakumbuka 2015, shirika la saratani la WHO liliweka soseji kundi moja na sigara? Watangazaji wakatuaminisha kula soseji ni sawa na kuvuta.

Mama_Shuu_Sinza: Soseji zimewakosea nini nyie? Nakaanga Sinza miaka yote, wateja wangu wazima wa afya. Sigara mnavuta wenyewe.

Dokta_Uchochoro: Dada, kundi lile linaonyesha ushahidi una uhakika kiasi gani, halipimi ukubwa wa hatari. Walisema hatari ya saratani ya utumbo mpana inapanda kwa asilimia 18, kwa anayekula gramu 50 kila siku. Tuseme katika watu 100, watano wangepata saratani ya utumbo mpana. Wote wakila hivyo, wanakuwa karibu sita. Na mleta mada, mfano wako unakuumbua: ule haukuwa mbichi, walipitia tafiti zaidi ya 800. Mtangazaji alitaja 18 bila kusema ni 18 ya nini. Hata angesubiri mwaka mzima angekosea vilevile.

Mama_Shuu_Sinza: Kwa hiyo huyo wa sita ni mteja wangu? Na dada yako ni nani hapa, mimi nina wajukuu.

Kobe_Mzee: Mnapoteza bando. Nchi iliyopanga foleni Loliondo 2011 kunywa kikombe cha dawa ya Babu, leo muisomee tafiti? Mtanzania na sayansi wapi na wapi.

Mlalo_Damu: Jisemee wewe na ukoo wako! Erasto Mpemba alikuwa Mswisi? Kidato cha tatu, Magamba, Lushoto, 1963, wanatengeneza aiskrimu. Ya kwake kaiweka friji ikiwa ya moto, ikaganda kabla ya ya mwenzake. Mwalimu akamcheka. Baadaye akamuuliza Osborne, mwalimu wa fizikia wa chuo cha Dar, naye akaenda kupima, na 1969 wakachapisha pamoja. Dunia nzima inaliita jambo hilo kwa jina lake.

Kobe_Mzee: Lilishapigwa chini hilo. Waingereza walipima, 2016 kama sikosei, hawakuona kitu. Kipimajoto ukikisogeza sentimita moja tu, jibu linageuka.

Mlalo_Damu: Mzungu akisema ndiyo unaelewa. Osborne alikuwa Mmakonde?

Fundi_Friza_Ilala: Nyote hamjafungua friza. Ile theluji inayojijenga kwenye bamba inazuia ubaridi. Chombo cha moto kinaiyeyusha, kinakaa bamba kwa bamba, kinapoa haraka. Friza isiyo na theluji haitakuonyesha hilo. Ndiyo maana kila mtu anapata jibu lake.

Mwana_Kurasini: Jamani, mada ni podikasti.

Dokta_Uchochoro: Fundi kaeleza vizuri kuliko podikasti zote ninazosikiliza.

Kobe_Mzee: Dokta, wewe ni daktari wa nini hasa? Tangu ile mada ya dengue nakuuliza.

Mama_Shuu_Sinza: Fundi mwanangu, nauza na barafu za ukwaju. Nikiziingiza za moto, umeme wa LUKU si utakwisha Jumanne?

Fundi_Friza_Ilala: Utakwisha mama. Joto lote hilo lazima mashine ilitoe. Poza kwanza nje, jamaa wa Lushoto asikuponze.

Mlalo_Damu: Fundi, na wewe umenunuliwa?